Đỗ Thị Ngoạn, Aliyekataa Kutawanywa Mara ya Pili

Baba Padri, wazee, majirani wa Hòa Khê, na ninyi wengine mliokuja na mashada makubwa kuliko huzuni yenu, familia inawaomba mketi na mzime simu, kwa sababu haya yanasomwa mara moja tu, na yameandikwa na mdogo wake marehemu, Đỗ Văn Nghiêm, fundi wa viyoyozi, ambaye hakumpa mtu mwingine ayasahihishe.

Marehemu Đỗ Thị Ngoạn alizaliwa tarehe 14 Machi 1946 katika kijiji cha Hòa Khê, mkoa wa Nam Định, kaskazini mwa Vietnam, akiwa mtoto wa kwanza wa mzee Đỗ Văn Cẩn na mama Phạm Thị Nhài, na ile tarehe 1 Januari 1947 iliyochapishwa kwenye kadi mlizopewa mlangoni alipewa na karani wa kambi ya wakimbizi ya Fort Chaffee, Arkansas, ambaye alichoka kuuliza akawaandikia watu wote wa foleni ile siku moja ya kuzaliwa, dada akaitazama karatasi yake na ya jirani yake, akasema, “Kumbe mama zetu walipangiwa zamu.”

Alianza kusoma kwa masista wa Hòa Khê mwaka 1952, na mwaka 1954 nchi ilipokatwa vipande viwili, parokia nzima, padri akiwa mbele na kengele ya kanisa ikiwa imefungwa kwenye mikeka, ilipanda meli ikaenda kusini, ikakaa Hố Nai, nyumba zikapangwa vilevile zilivyokuwa, jirani wa kulia akabaki kulia, wa kushoto akabaki kushoto, na hapo ndipo alipomaliza darasa la tano mwaka 1958, akaacha shule ili amsaidie mama kuuza tambi za mchele.

Tarehe 7 Januari 1967 alifunga ndoa takatifu na Trịnh Văn Hoạch, mvuvi aliyekuwa amechukuliwa jeshini, wakajaliwa watoto watatu, Khoát aliyezaliwa mwaka 1969, Thơm aliyezaliwa mwaka 1972, na Mến, aliyezaliwa tarehe 3 Novemba 1975 katika mji mdogo wa Nebraska ambao familia hii hailitamki jina lake.

Hapa mniwie radhi, mambo mengine yanachefua hata baada ya miaka arobaini na minne. Kusini ilipoanguka mwaka 1975 tukakimbilia Amerika, na tulipotoka kambini Fort Chaffee, wakubwa wa huko waliamua kwamba Wavietnam wasiachwe wakae pamoja, wasije wakaulemea mji mmoja, basi wakatugawa kama mtu anavyogawa paka asiowataka, dada na mumewe wakapelekwa Nebraska, mimi mwenye miaka kumi na tisa nikapelekwa Maine, mama yetu akapelekwa Florida na watu asiowajua, na katika mji ule wa dada hapakuwa na mtu wa kumuuliza dawa ya kikohozi cha mtoto, wala wa kusali naye rozari, mumewe alikuwa machinjioni kuanzia alfajiri, na tarehe 19 Februari 1976 Mến akafa kwa nimonia, akazikwa kwenye theluji, na mpaka leo katika makaburi yale yote hakuna jina jingine la kwetu. Waliokuja kumfariji walimletea keki, wakamwambia kwa ishara kwamba ana bahati kuwa Amerika. Dada aliikata keki, akawagawia wao wenyewe, yeye hakuonja.

Mwezi Juni 1978, bila kumuomba mtu ruhusa, walipanda basi wakaja Houston, kwa sababu barua zilisema watu watano wa Hòa Khê wameonekana huko, na dada akawaandikia wengine, akaniandikia na mimi, barua ya mstari mmoja, “Njoo, kuna joto na kuna watu,” na katika miaka mitano nyumba zile sitini za ghorofa mbili, zilizokuwa zimeachwa na wenyewe, zikajaa watu wetu, baadaye kila familia ikanunua ya kwake, wakaziita Hòa Khê, wakapanda mchicha wa majini katika mabafu mabovu, na jioni ukipita uani unasikia rozari ikiitikiwa kutoka madirisha ya juu na ya chini. Wakubwa walitutawanya, akina dada kama huyu wakatukusanya, na hakuna ofisi iliyowapa hata karatasi ya shukrani.

Kikazi, marehemu alimenya kamba wa baharini kiwandani tangu 1978 mpaka 1994, kisha akapika katika jiko la shule mpaka alipostaafu mwezi Juni 2011, na katika miaka hiyo mumewe Hoạch alitutoka, tarehe 2 Oktoba 1999.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo watu fulani walinifuata jana wakinisihi nisilisome. Nalisoma.

Bwana Đoàn Khắc Tuyển, mwenyekiti wa kamati ya wenye nyumba, ambaye mwenyewe haishi Hòa Khê bali ng'ambo ya mji, kwenye nyumba yenye bwawa la kuogelea asiloliogelea, alitafuta mnunuzi wa kubomoa nyumba zote sitini, na sheria yetu inataka wenye nyumba arobaini na watano wasaini ndipo ziuzwe. Kila mwezi wa Novemba, mnajua, kanisani huzungushwa karatasi ya kuandika majina ya marehemu wetu ili waombewe Misa. Jumapili ya tarehe 5 Novemba 2017 zilizungushwa karatasi mbili, na hiyo ya pili ilikuwa ya Kiingereza, wazee wakaandika majina ya mama zao na waume zao waliokufa, wakatia sahihi kama walivyoelekezwa, wakamshukuru Bwana Tuyển kwa kuwashikia kalamu. Kitu cha kutapisha! Mtu anachota sahihi toharani!

Karatasi ilipomfikia dada, ambaye Kiingereza chake kilikuwa cha jikoni, aliigeuza, akaisogeza mbali na macho, akauliza kwa sauti iliyofika altareni, “Tuyển, mdogo wangu, tangu lini roho za marehemu zina namba za nyumba?”

“Dada Ngoạn, ni utaratibu tu.”

“Utaratibu wa mbinguni au wako?”

“Dada, tuko kanisani jamani.”

“Ndiyo maana nakuuliza hapa. Nje ungenidanganya.”

Watu walicheka, lakini yeye hakucheka, na jioni hiyo alizunguka na fimbo yake, mlango kwa mlango, akawaeleza wazee kumi na mmoja walichokisaini, bibi mmoja akalia, akasema, “Mimi nilidhani namuombea mume wangu,” na kesho yake wote kumi na mmoja walikwenda kufuta majina yao, dada akiwa mbele.

Lakini wazee hufa, na nyumba huenda kwa watoto, na watoto wakiwa mbali husaini bila hata kuuliza bafu la mchicha la bibi yao litapelekwa wapi, baadhi yenu mmekaa safu ya tatu na mmevaa vitambaa vyeupe vya wafiwa, mpaka ikapungua sahihi moja tu kutimia arobaini na tano. Na dada alikuwa anaumwa, saratani ya ini, iliyogunduliwa tarehe 20 Agosti 2018. Mwezi Februari mwaka huu Tuyển alikwenda hospitali na kikapu cha machungwa, karatasi ikiwa chini ya machungwa, akaketi, akamwita mama, yeye aliyekuwa akimwita dada, akamwambia kwamba nyumba ni kuukuu, ngazi zinamchosha, angehamia kwa mwanawe Khoát huko Dallas, na wengine nao watapata pa kwenda, kila mtu pake.

“Kila mtu pake,” dada akasema. “Nimeshaishi mji wa kila mtu pake. Nimeacha mtoto huko.”

“Mama, fikiria tu.”

“Machungwa yaache. Karatasi rudi nayo.”

Marehemu alifariki nyumbani kwake, namba 31, Jumapili tarehe 9 Juni 2019, saa nne asubuhi, majirani wakiwa wamerudi tu kutoka Misa, akiwa na miaka sabini na tatu kwa hesabu ya daktari, na sabini na minne kwa hesabu yetu, sisi tunaohesabu na miezi ya tumboni. Nyumba amemwachia binti yake Thơm, mwenye saluni ya kucha, aliyekuwa akiishi nje ya mji, na Tuyển aliamini, na nadhani wengi wenu mliamini, kwamba Thơm atasaini. Juzi Alhamisi alimfuata kulekule Hòa Khê, kavaa suti, kabeba shada na karatasi, akamkuta chini ya ngazi na kitanda chake kikubwa cha mbao alichokishusha kwenye gari.

“Pole sana, mwanangu. Sasa, kuna kijambo kidogo...”

“Asante, mjomba. Shika upande huo.”

“Upande gani?”

“Wa miguuni. Polepole kwenye kona, kuna ukuta.”

Akashika. Majirani wote walitoka kwenye baraza wakatazama mwenyekiti akipanda ngazi kinyumenyume, tai imemwangukia begani, karatasi kaibana kwa meno, na alipokitua kitanda chumbani mwa marehemu na kuitoa karatasi mdomoni, ilikuwa imelowa mate, Thơm akamwambia, “Nimehamia, mjomba. Usinipe kitu kilichotoka kinywani kwako.”

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza dada kwa miezi kumi na kumwambia ukweli kila alipouliza, inawashukuru wenzake wa jiko la shule waliokuja leo wakiwa na aproni zao, inawashukuru majirani wa Hòa Khê waliopokezana rozari na supu, na inamshukuru Bwana Tuyển kwa kubeba kitanda. Chakula kipo namba 31, ngazi mnaijua, mwenye karatasi aiache kwenye gari.

Pumzika kwa amani, dada Ngoạn, kazi ya kukataa tumeipokea.