Namba za Kadi za Fundi Anselmo

Anselmo Bentancor alizaliwa tarehe 14 Machi 1931 kijijini Tambores, mtoto wa tatu wa mfanyakazi wa reli. Alisoma hapo hapo hadi darasa la sita, kisha akapelekwa mjini Tacuarembó kujifunza ufundi wa saa. Duka lake alilifungua mwaka 1955.

Tarehe 9 Mei 1959 alimwoa Delmira Olivera.

Tangu 1969 marehemu alicheza sataranji kwa posta na mwalimu mmoja wa Chekoslovakia, Bwana Kadlec. Kila kadi ilibeba namba nne tu: mraba kete inakotoka na inakokwenda. Delmira, ambaye ndiye aliyezipeleka posta, hakuamini. Mwanamume gani hungojea mwezi mzima kwa ajili ya namba nne? Akazinakili zote kwa siri, za kwenda na za kuja, nyuma ya daftari lake la mapishi.

Wengine nao walishuku. Agosti 1976, enzi wanajeshi walipotawala nchi yetu, marehemu alikuwa ameanza mchezo wa tano kwa ufunguzi mkali, ule wa kumtoa farasi sadaka ili kumvamia mfalme mapema. Kadi yake moja ikakamatwa posta, naye akachukuliwa dukani.

"We fundi, usinichezee akili. 5171 ni nini?"

"Mfalme anakwenda kujificha, afande."

"Anajificha nyumba ya nani?"

Alikaa ndani siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili Delmira alilitupa daftari mezani kwao.

"Mimi nilimchunguza kabla yenu. Haya, zifuateni."

Kapteni mmoja aliyejua mchezo akapanga kete, akafuata namba za mchezo wa kwanza mpaka mfalme mweusi akakwama. Hapo hapo namba zikaisha. Akajaribu wa pili, yakawa yale yale. Jioni wakamwachia. Kadi hawakuirudisha.

Njiani akauliza, "Delmi, uliziandika za nini?"

"Nilidhani una kimada."

Alicheka hadi akakaa kando ya barabara, kisha akalia.

Kadi ile aliiandika upya. Kadlec, aliyekwisha kudhani mwenzake kaukimbia mchezo, akamla farasi. Akashindwa kwenye hatua ya ishirini na sita.

Moyo ulianza kumsumbua mwaka 2001. Alifariki nyumbani asubuhi ya tarehe 6 Juni 2004, akinywa chai yake ya majani machungu, ile iitwayo mate.

Ameacha mjane, Delmira, watoto wawili, Griselda na Walter, wajukuu watano, na Bwana Kadlec wa Olomouc, ambaye Delmira amemwandikia jana, mara hii kwa maneno.

Apumzike kwa amani, mahali ambapo hakuna wa kumshuku.