Tangi la Ndege ya Fundi Saa

Benchi letu liko mbele ya kibanda cha Fundi Saa, na jana hata vikombe vya kahawa vilikosa pa kukaa. Ndege yake ndogo ya rimoti ilikuwa imelala katikati yetu, tumbo wazi, tangi la mafuta linachungulia nje. Waliiunda yeye na mdogo wake, kabla mdogo hajaondoka kwenda kutafuta maisha. Huu mwaka wa tisa. Kila Jumapili anaipeleka uwanjani, inapaa vizuri, ila ikiinua pua tu, injini inazima. Mzee anatamani kwa roho yake yote aione ikipinduka duara zima angani, kama walivyopanga wawili wale.

Wembe, kinyozi wetu, ndiye aliyeanza.

— Tangi limejaa mno. Debe tupu haliachi kuvuma. Lako lina mafuta, ndiyo maana linanyamaza.

— Kwa hiyo airushe na tangi tupu? tukamuuliza.

— Mimi nimetoa methali. Ufundi mtajua wenyewe.

Profesa, ambaye cheti chake hakuna aliyewahi kukiona, akalitingisha tangi sikioni. Ndani mna mrija mwembamba wa mpira unaonyonya mafuta, wenye kijiwe cha shaba mwishoni. Mafuta yakikimbilia huku, kijiwe nacho kinaangukia huko huko, injini inaendelea kunywa hata ndege ikiwa kichwa chini. Ukilitingisha, kijiwe hugonga; hiki hakikulia.

— Kimenasa, akasema Profesa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mpira umekakamaa, hauinami.

Tukatazamana. Leo kapatia! Lakini hakujua pa kuishia.

— Aumiminie mafuta ya nazi, aukande kama goti la bibi.

— Wapi! Ndege inaogopa hiyo, akadakia Wembe. Uinuliwe pua, mbingu yote hiyo mbele yako, we usingezima?

Tukacheka mpaka kahawa ikamwagika. Fundi Saa hakucheka. Alikuwa anafuta vumbi kwenye waya uliozungushwa mara tatu shingoni mwa tangi.

Hapo akafika dada mmoja, mgeni, kaleta saa ibadilishwe mkanda.

— Shikamooni.

— Marahaba, mama. Subiri kidogo, akajibu Fundi Saa.

Akasubiri, akatusikiliza, akashindwa kuvumilia.

— Samahani, baba. Wewe unafungua saa zenye skrubu kama chembe ya mchanga. Hapa pana waya mmoja tu. Kwa nini hulifungui?

Wembe akainamia kikombe chake.

— Waya huu aliukaza mdogo wangu, akasema Fundi Saa, asubuhi ya safari yake. Akaniambia, "Kaka, kijiwe kinanasa, lakini usiguse. Nikirudi nitalifungua mwenyewe."

— Miaka tisa, baba! Lifungue tu, ndege iruke.

— Nimemkumbuka sana, mwanangu. Nikilifungua, akirudi atakuta kazi gani?