Tauno Ylikorpi, Fundi Simu, na Neno Aliloacha Lisomwe

Ndugu mliokuja kumsindikiza, marehemu Tauno Ylikorpi alizaliwa tarehe 3 Mei 1946 hapa Haapajärvi, Finland, mtoto wa kwanza wa Eino na Lempi, akasoma shule ya kijiji hadi 1959, akajifunza ufundi simu mjini Oulu, na tangu 1967 hadi alipostaafu mwaka 2006 alipanda nguzo na kuunga nyaya wilaya nzima, hata baridi iwe kali namna gani. Tarehe 17 Juni 1972 alifunga ndoa na Helvi, wakajaliwa watoto wanane, wa tatu akiwa Kaisu, aliyezaliwa 1976.

Januari 1994 alileta nyumbani kompyuta, akaipakia mfumo wa Linux kwa disketi zaidi ya thelathini, ili kwa modemu, kifaa cha kuunganisha kompyuta na simu, na waya wa simu aandikiane na mafundi wa nchi nyingine. Modemu ikawa inakata ghafla, na kila ilipokata alimkuta Kaisu kando ya meza, kitambaa mkononi.

"Umeigusa tena, we mtoto!"

"Baba, nimefuta vumbi tu."

"Tangu lini vumbi likakata simu? Fundi humu ndani ni mimi."

Jumapili tarehe 13 Februari alimsimamisha katika nyumba ya maombi, aungame mbele yetu sote kwamba anachezea mashine ya baba yake na kusema uongo, naye akaungama akilia, tukamtangazia msamaha kama ilivyo desturi yetu.

Tarehe 8 Machi Tauno aligundua kosa. Kipanya alikichomeka mlango wa kwanza wa nyaya nyuma ya kompyuta, modemu ikawa mlango wa tatu, na milango hiyo miwili iliiita kompyuta kwa namba moja, hivyo kipanya kikisogea hata kidogo, hata kwa kitambaa cha vumbi, modemu inanyamaza. Alihamisha kipini kimoja kwenye kadi ya modemu, akaandika amri ya mstari mmoja, ikapona. Jambo hilo aliwaeleza kwa uvumilivu mafundi wa Brazili na Japani alioandikiana nao, wakamshukuru kwa miaka mingi, lakini Kaisu hakumwambia. Mwezi Mei Kaisu alihamia Tromsø, Norwei, na kwa miaka ishirini na mitano hakulala tena katika nyumba ile.

Agosti 2019 Tauno aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Kaisu alikuja, akakaa kando ya kitanda siku mbili, akimlisha mtindi kwa kijiko. Kaisu alipotoka kufuata kahawa, Aune, dada wa marehemu, anayesoma haya, aliyekuwa ameelezwa yote na Tauno wiki hiyo, alimsihi kaka yake.

"Kaka, akirudi mwambie."

"Utayasoma wewe mazishini, nikishawekwa kwenye jeneza."

"Lakini anakulisha kwa mkono wake!"

"Nimesema utasoma."

Kaisu akarudi, akamfuta mdomo. Tauno alifariki tarehe 9 Novemba, asubuhi, hajamwambia.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotuondolea theluji mlangoni, na mafundi simu wenzake waliobeba jeneza.

Kaisu, uliyeketi safu ya mbele na kuyasikia haya leo pamoja na wengine, hukusema uongo, na baba yako alijua. Hakumwagiza Aune akuombe msamaha kwa niaba yake, na Aune hawezi kumwongezea neno hilo.

Pumzika, Tauno, Mungu akikuruhusu.