Marehemu Hanunui Kitabu

Sogeeni karibu, wanangu, na mlango ufungwe. Pancras, wewe njoo ukae huku ukutani, ninapoiona mikono yako. Usinune, mkwe wangu, mgonjwa ana haki ya kuchagua anachokitazama. Neeltje, niinulie mto. Huybert, weka hicho kikombe chini, sitakunywa tena maziwa mgando leo, tumbo langu limeshafunga duka.

Nimewaita nyote watatu kwa sababu alasiri atakuja mwandishi wa wosia na kalamu yake, naye ataandika nyumba na vyombo na mashuka kwa lugha yake ile ambayo hata mrithi haielewi. Hayo hayana ugomvi. Nyumba ni ya Neeltje na Huybert, nusu kwa nusu. Kitanda hiki ni cha Neeltje, kwa kuwa alizaliwa humu, na sanduku langu la kuotea miguu moto apewe pia, maana Pancras hajui kuwasha moto wa maana. Lakini kuna jambo ambalo mwandishi hawezi kuliandika, nalo ndilo linaloninyima usingizi: nani atashika ufunguo wa chumba cha vitabu vya baba yenu, na nani atasimama mezani siku ya mnada avinadi kwa jina lake. Ufunguo uko hapa kifuani, ndani ya nguo. Msijisumbue kuutafuta nikilala. Wiki iliyopita mtu alijaribu, nikakohoa, akaondoka kwa kunyata. Sikumwona uso. Nilisikia ubao wa sakafu tu.

Sikilizeni kwanza nilikotoka, ndipo mtajua ninachokilinda.

Nilipokuwa msichana, mtu msomi akifa hapa Leiden, vitabu vyake vilitolewa nje pamoja na masufuria na magodoro, vikarundikwa kando ya mfereji, na mwenye nguvu ya mabega ndiye aliyepata kilicho bora. Baba yangu alikuwa mshona majalada. Siku moja alinishika mkono akaniambia, "Machteld, twende ukaone kichekesho. Kuna mkubwa mmoja amekufa, na watu wake wamepiga chapa orodha ya vitabu vyake vyote kabla ya kuviuza." Watu mlangoni walikuwa wanakufa kwa kucheka. Mmoja alisema, "Leo orodha ya vitabu, kesho watapiga chapa orodha ya kuku!" Mwingine akasema, "Na ya mayai, kwa ukubwa!" Lakini tulipoingia, mle ndani mlikuwa na wageni waliotoka miji ya mbali, kila mmoja ameshika ile karatasi iliyokunjwa, amechora alama pembeni kwa wino, na hakuna aliyecheka. Walikuwa wamesafiri kwa ajili ya kitabu ambacho hawajakiona. Hapo nilielewa jambo ambalo baba yangu hakulielewa hadi anakufa: ile karatasi ilikuwa ina miguu mirefu kuliko farasi.

Nikaolewa na Lambert, baba yenu, naye alikuwa dalali wa vitabu. Mimi ndiye niliyemsomea rafu naye akaandika. Tulikwenda kwenye nyumba za wafiwa pamoja, yeye na wino, mimi na kitambaa cha vumbi. Vitabu vya dini kwanza, kisha vya sheria, kisha vya tiba, halafu vilivyobaki. Na katika kila fungu, vikubwa mbele, vidogo nyuma, na kila kimoja mji kilikopigwa chapa na mwaka wake. Baba yenu alikuwa anasema, "Machteld, mpangilio huu ni wa mzee mgonjwa ila umegeuzwa. Mgonjwa huanza na tabibu, halafu wakili, Mungu anaitwa mwisho." Mimi tabibu nimeshamrudisha, wakili anakuja alasiri. Mnajua aliyebaki.

Sasa, Huybert, wewe uliyesoma, utaniambia orodha ni orodha tu. Si kweli. Mtu aliye Paris au Copenhagen akipokea orodha yetu haoni kitabu, haoni jalada, haoni kama panya amepita. Anaona jina la marehemu juu ya karatasi, anajiambia, huyu alikuwa mtu mwenye akili, hakuweka takataka kwenye rafu yake. Basi anamwandikia wakala wake amnunulie. Ananunua macho ya marehemu. Ndiyo maana waovu wa kazi hii wana mchezo wao: wanangoja msomi afe, halafu wanachukua vitabu vyao vilivyokosa mnunuzi, wanavichomeka katikati ya vyake. Evert, dalali mwenzetu wa ng'ambo ya mfereji, amejenga nyumba kwa mchezo huo. Mjane wa profesa mmoja alipotupatia kazi ya kunadi vitabu vya mumewe, Evert alikuja humu ndani akamwambia baba yenu, "Lambert, ndugu yangu, nina vichache tu, vichomeke hapo kwenye sheria. Maiti hatalalamika." Baba yenu akamjibu, "Najua halalamiki. Ndiyo maana ameniweka mimi." Wakaacha kusalimiana tangu siku hiyo, na mimi nikaacha pamoja naye. Evert atakuja kwenye mazishi yangu. Mpeni bia, mpeni mkate na samaki wa chumvi, lakini mtu akae karibu naye atazame mifuko yake.

Nipe maji kidogo, Neeltje. Basi, inatosha.

Baba yenu amelala chini ya sakafu ya Kanisa la Mtakatifu Petro mwaka wa tisa sasa, na vitabu vyake sijaviuza, kwa sababu nilikuwa sijui nimwamini nani. Mwezi uliopita niliwaomba mwandike orodha ya vitabu vyake, nikasema nataka niione imepigwa chapa kabla sijafumba macho. Mliandika nyote watatu, mkachanganya karatasi zenu, Pancras akazipeleka kwa mpiga chapa. Na juzi, mlipokuwa dukani, mpiga chapa mwenyewe alileta karatasi ya kwanza ya majaribio hadi hapa kitandani. Alishtuka kunikuta macho. Akasema, "Mama, samahani, niliambiwa hali yako..." Nikamwambia, "Hali yangu inasema karibu uketi." Hakuketi. Niliichukua karatasi nikaisoma kwa kioo cha kukuzia, jina la Lambert likiwa juu kwa herufi kubwa, nikalia kidogo, nakiri.

Halafu nikaacha kulia. Kwenye vitabu vidogo vya dini, kati ya ufafanuzi wa Zaburi na mabishano juu ya ubatizo, kuna mahubiri ya Jumapili yaliyopigwa chapa hapa hapa Leiden, mwaka wa pili baada ya sisi kumzika baba yenu.

Mnahesabu miaka. Vizuri. Nami nilihesabu.

Wanangu, marehemu haamki akaenda dukani. Marehemu hanunui kitabu. Na mgeni yeyote anayejua baba yenu alikufa lini ataweka kidole pale na kusema, "Kumbe hata Lambert," na katika dakika hiyo moja kazi yote ya maisha yake itakuwa sawa na ya Evert. Mwizi wetu alikuwa na haraka, akasahau kwamba mwaka unaandikwa pembeni.

Nitawaambia ukweli, nilijua ni nani. Nilijua kabla sijaondoa kioo machoni. Nilisema ni Pancras. Usiinuke, Pancras, kaa! Miaka yote hii umekuwa mkwe wangu nami sijakuamini hata siku moja, wewe na Haarlem yako, na yale masanduku uliyoyafunga kamba kule juu darini ambayo hata mkeo haruhusiwi kuyagusa. Karatasi ulizipeleka wewe. Nikajiambia, kikulacho ki nguoni mwako, Machteld, tena kimekuja na viatu vya Haarlem. Lakini Lambert aliniachia mazoea ya kukagua kitabu ukurasa kwa ukurasa kabla ya kusema ni kibovu. Kwa hiyo jana asubuhi niliwaita mmoja mmoja, mkadhani nataka kuagana, nikawaambia macho yangu yamekufa, nisomeeni orodha ya baba.

Pancras alisoma kama farasi anayekokota mashua kwenye upepo. Akafika kwenye mstari ule, akausoma wote, mji na mwaka, akakuna sikio. Nikamwuliza, "Kuna nini?" Akasema, "Hamna, mama. Ila sikujua kama mzee alikuwa mtu wa mahubiri." Nikajiambia, huyu mwizi ana uso mkavu kweli kweli.

Neeltje akasoma, akasimama pale pale. "Mama, mwaka huu si baba alikuwa tayari..." Nikamkatiza, "Mwanga ni hafifu, endelea." Akanitazama kama mtu anayeona homa imenipanda kichwani, maskini, lakini aliendelea.

Kisha akaja mwanangu Huybert. Ana sauti ya baba yake. Nilifumba macho nikadhani Lambert amerudi. Alisoma ufafanuzi wa Zaburi. Akasoma mabishano juu ya ubatizo. Katikati hapakuwa na kitu. Nikamwambia, "Rudia ukurasa huo, mwanangu, nimeipenda sauti yako." Akarudia. Akaruka tena, mahali pale pale, laini kabisa. Mara ya kwanza jicho huteleza, kila mtu hutelezwa na jicho. Mara ya pili ni mguu unaojua dimbwi lilipo.

Msimtazame hivyo. Nimemtazama mimi usiku kucha kwa niaba yenu.

Unasemaje, Huybert? Sema kwa sauti, masikio yangu nayo yanaondoka. Kwamba ulichukua shehena nzima ya mahubiri hayo kwa mpiga chapa aliyefunga kazi, na yamekaa ghalani yanaota ukungu, na hakuna anayeyataka? Bila shaka hakuna anayeyataka. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na chako ulitaka kukitembeza kwa miguu ya baba yako. Si hicho kimoja tu, mwanangu, najua. Hicho ndicho kilichosema mwaka wake. Vingine vimekaa humo kimya, na utavitaja wewe mwenyewe.

Pancras, unatabasamu? Usitabasamu. Sikuamini hata sasa. Ndiyo maana nakupa wewe ufunguo.

Nisikilizeni, pumzi yangu inafupika. Wewe Pancras umetazamwa na mimi tangu ulipoingia nyumba hii. Hukuweza kuhamisha kijiko nisijue. Huybert hakuna aliyemtazama, kwa kuwa nilimpenda, na aliyependwa namna hiyo hana mlinzi. Basi Pancras atashika ufunguo na kunadi mezani, na kila mtu mjini atamtazama mikono, kwa sababu ni mgeni wa Haarlem. Neeltje atakaa kando yake na orodha, kitabu kisinyanyuliwe kabla hajakiona. Na masanduku ya darini yafunguliwe kabla ya siku ya wanunuzi kuja kuvikagua vitabu, mbele ya Neeltje. Usiniambie kilichomo. Nikikosea, nitakuomba radhi huko tuendako.

Orodha irudi kwa mpiga chapa. Vya baba yenu vibaki vyake. Mwishoni kabisa, baada ya mstari, waandike: hivi ni vya Huybert mwana wa Lambert, si vya marehemu. Wazi, kwa herufi zile zile. Kisiponunuliwa hata kimoja, basi, lakini kitakuwa kimekosa mnunuzi kwa jina lake mwenyewe. Jina jema hung'aa gizani, mwanangu, ila mtu huanza kwa kukubali kulibeba lake.

Neeltje, chukua... hapa, vuta uzi. Umeupata? Mpe mumeo. Taratibu, umenivuta nywele.

Mungu awape macho, wote watatu. Awape riziki isiyojificha nyuma ya maiti. Pancras, Mungu akufanye tofauti na ninavyokudhania. Neeltje, siku nyingine ukiona kosa usikubali kunyamazishwa, hata na mama yako. Huybert, njoo... karibu zaidi. Kichwa chako, nikishike. Hivyo. Wewe ni mwanangu, hilo limepigwa chapa, halirudi.

Sasa chukua ile karatasi. Uisome mbele yao. Kuanzia juu, kwenye jina la baba yako. Kila mstari, na mwaka wake... kilicho chako, useme ni chako.

Polepole. Nikinyamaza, usidhani nimelala. Soma tu... usiruke.