Laptopu Iliyodai Ruhusa ya Mzazi

Benchi la Mama Kulusum pale Base Camp, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale nchini Uganda, lina miguu mitatu ya mbao na mmoja wa tofali, na anayekalia upande wa tofali ndiye anayemiminiwa kahawa kwanza, kama fidia ya hatari. Jumanne hiyo, saa tisa mchana, upande wa tofali ulikuwa wa Thaddée. Kijiwe kizima kinamwita Sekretere, maana ndiye anayewachapia watu barua: maombi ya kazi, malalamiko ya shamba, na zile barua ndefu za ofisini ambazo mtu akikosea mstari mmoja anaambiwa arudi mwakani. Mapajani alikuwa na laptopu mpya, nailoni haijatoka bado kwenye kifuniko. Hakuwa anachapa kitu. Alikuwa ameikazia macho, shingo imemvimba kwa hasira, kikombe kimepoa mkononi.

— Soma tena, alisema Adolphe.

Huyu ndiye Minisita. Aliwahi kufanya kazi miezi minne katika ofisi ya kodi kule kwao Uvira kabla ya kukimbia, na tangu hapo huongea kana kwamba serikali inamsubiri amalize.

— Nimesoma mara tatu, Minisita.

— Soma ya ine.

Thaddée akasoma, akigeuza Kifaransa cha mashine kuwa Kiswahili cha benchi:

— "Ili kuendelea, omba ruhusa kwa mzazi wako."

— Mzazi wako! Adolphe akapiga paja. Mutu wa miaka makumi tano na kitu! Mwenye bajukuu!

— Na inaniongelesha kama vile mutoto wa shule, ile Kifaransa ya kutuma mutu sukari. Hata "bwana" haiko. Hata "tafadhali" haiko.

— Hiyo ni matusi, ssebo, mzee wangu, alisema Ashiraf.

Ashiraf, mwendesha boda wa Mbarara, anaitwa Sipidi, ingawa kijiweni hajawahi kuondoka mapema. Pikipiki yake ilikuwa imeegeshwa kando, na saa kumi kamili alikuwa anarudi mjini. Shauri la siku lilikuwa hilo: aondoke na laptopu ndani ya begi, aipeleke kwa Hamdu fundi, Hamdu aing'oe sistemu hiyo mpya na kurudisha ile ya zamani, au laptopu ibaki.

Tangu mwanzo Thaddée hakuipenda. Kitufe cha kuanzia, ambacho alikijua kwenye kona ya kushoto kwa miaka mingi, walikihamishia katikati bila kumwuliza. Kila asubuhi mashine ilitaka kujirekebisha, ikala bando lote, ikanywa umeme wa sola hadi taa ya nyumbani ikazimika. Hayo aliyavumilia. Kwa wiki mbili alichapa huku akilaani. Kisha Jumatatu ikajirekebisha yenyewe, ikaamka na sentensi hiyo moja, na ikakataa kufungua kitu chochote.

— Mimi nasema ng'oeni, alisema Adolphe. Ile sistemu ya zamani ilikuwa na heshima. Unawasha, inakupigia kamuziki, unafanya kazi. Haikuuliza baba, haikuuliza mama.

— Lakini kwa nini inaita mzee mutoto? aliuliza Ashiraf. Mimi najua. Ona hapa juu. Hii kitu kidogo nyeusi ni kamera. Imeangalia wewe, imeona hakuna ndevu. Fuga ndevu wiki mbili, itafungua.

— Kulusum ako na ndevu? alifoka Thaddée. Simu yake inafunguka!

— Usiniingize, alisema Mama Kulusum, akipuliza jiko. Aliingia kambini miaka sita iliyopita na mabirika mawili kutoka Mbarara, na sasa kahawa yake ya tangawizi inajulikana mpaka mtaa wa Isangano. — Mimi nasema hiyo computa si mpya. Ilikuwa ya mutoto huko Ulaya. Mama yake ameifunga asicheze gemu, halafu wafanyabiashara wameleta, wameivika nailoni. Nailoni ni shilingi ngapi? Hata mimi naweza kuvalisha birika hii nailoni, niite mpya.

— Nimeitoa mwenyewe kwenye karatoni, Mama!

— Karatoni pia inauzwa.

Adolphe akaweka kikombe chini. Alipoweka kikombe chini, watu walijua hotuba inakuja.

— Munisikilize. Haiko kamera, haiko mutoto wa Ulaya. Ni network. Hii masini imeshika network ya hapa, ikajua iko kambini. Na kambini, mutu mukubwa haiko. Chakula banakupimia. Fasi ya kulala banakuonyesha. Ukitaka kutoka, unaomba karatasi ya ruhusa. Miaka yote banatufanya batoto. Masini nayo imejifunza kwa bakubwa zake!

Thaddée aliyaamini maneno hayo. Yeye aliyekuwa mwalimu wa darasa la sita, aliyewachapa kwa fimbo vijana ambao leo ni wanajeshi, ndiye huyu anayeagizwa na kisanduku cha plastiki akalete mama yake. Mama yake! Alimwacha kaburini, juu ya kilima kule Fizi, na hata hilo kaburi hana hakika kama lipo. Angeomba ruhusa hiyo kwa imeli gani?

— Hii sistemu itaingia hata kwa pikipiki, alisema Ashiraf, ambaye hawezi kukaa bila mzaha. Mwaka ujao unawasha, inasema: ita baba kwanza. Abiria anangoja, wewe unatafuta baba.

— Na ng'ombe, alidakia Mama Kulusum. Kule Bwizibwera wameshaziwekea namba masikioni. Kesho utataka maziwa, ng'ombe anauliza kwanza mama ya mukamuaji ni nani.

— Mucheke, alisema Thaddée. Mucheke tu. Barua ya Maman Ancilla iko ndani.

Kicheko kikakatika. Ancilla walimfahamu wote, mwanamke wa Kabazana anayeuza mihogo. Kesho, Jumatano asubuhi, alikuwa anaitwa ofisini kuhusu watoto wake watatu waliompotea njiani siku ya kukimbia, naye alitakiwa kufika na maelezo yaliyochapwa. Hajui kusoma. Alikuja kwa Thaddée siku tatu mfululizo, akaketi kwenye gunia, akayasema yote toka kichwani: jina la kila mtoto, kovu la kila mtoto, na siku aliyozaliwa. Hakubahatisha. Alitaja tarehe, akataja siku ya wiki, akataja nani alishika taa. Siku ya tatu alipomaliza alijifuta uso na kitenge, akasema, "Papa Thaddée, nimeisema. Sitaweza kuisema tena." Yeye akamjibu asiwe na wasiwasi, yamo ndani ya mashine, mashine haisahau.

— Mupigie Hamdu, alisema Adolphe, safari hii bila sauti ya uwaziri.

Thaddée akapiga, akaweka spika. Sauti ya Hamdu ikaja pamoja na honi za Mbarara.

— Mzee, kurudisha ile ya zamani ni kazi ya dakika arobaini. Lakini inaosha kila kitu. Diski inabaki nyeupe.

— Hauwezi kutoa barua moja kwanza? Moja tu!

— Hii mpya inafunga diski na kufuli yake, mzee. Naweza jaribu. Sitaki kukudanganya, naona haitatoka. Unaleta au unaacha? Mimi nafunga duka saa kumi na mbili.

Simu ikakatika. Ilikuwa saa tisa na dakika arobaini. Ashiraf akainuka, akafungua begi lake polepole, akaliacha wazi.

— Ukiacha, barua iko ndani lakini hutoi, alisema. Ukileta, computa inapona lakini barua inakufa. Sasa, mzee?

— Peleka! alisema Adolphe. Bila masini Sekretere atakula nini? Maman Ancilla atasema tena.

— Wewe unaweza kumwambia aseme tena? Mama Kulusum alimgeukia kwa ukali. Nenda umwambie. Nenda sasa hivi, mimi nitakushikia kikombe.

Adolphe akakiokota kikombe chake mwenyewe. Thaddée alijua jibu la Kulusum ndilo sahihi, na hasira zikamzidi kwa sababu jibu sahihi halikufungua mashine. Akaanza kuitukana ile sistemu kwa Kifaransa, kwa Kibembe, na kwa lugha ya tatu ambayo hakuna aliyeitambua. Alikuwa bado yumo katika hiyo ya tatu alipotokea Nasimah.

Nasimah hutoka Nyamitanga kila Jumanne, hufungua mwavuli wake wa njano karibu na soko, na kuwasajilia watu laini za simu. Jua lilikuwa limemchosha, alitaka kahawa tu.

— Nani amekufa? aliuliza.

Wakamweleza wote wanne kwa pamoja, kamera na ndevu na network na ng'ombe. Nasimah alikunywa funda moja, akanyoosha mkono, akaigeuza laptopu upande wake.

— Mzee, siku ulifungua hii kitu mara ya kwanza, iliuliza wewe maswali?

— Mingi! Kama vile polisi wa mupaka.

— Gani na gani?

— Jina. Nikaandika jina. Halafu inchi. Nikaandika Uganda. Halafu tarehe.

— Tarehe gani uliandika?

— Ile ya kila siku, alisema Thaddée, akishangaa mtu kuuliza jambo la wazi namna hiyo. Unataja inchi, halafu tarehe ya kuingia. Mwezi wa tisa, elfu mbili na kumi na ine. Nimejazia batu fomu mia na mia hapa, ni hivyo tu.

— Ni hivyo tu, Adolphe akaunga mkono. Inchi, halafu tarehe ya kuingia.

Nasimah hakucheka mara moja. Alihesabu kwanza kwa vidole, akarudia kuhesabu.

— Mzee, haikuuliza siku uliingia. Iliuliza siku ulizaliwa. Kwa hii computa, wewe iko na miaka kumi na moja.

Hapo Ashiraf alikaa chini kando ya pikipiki yake, akacheka hadi akashika mbavu. Mama Kulusum alijifunika uso na aproni. Hata Adolphe, aliyekuwa amejenga nadharia nzima juu ya network, alitikisika mabega. Thaddée aliona aibu ikimpanda masikioni, halafu nyuma ya aibu ikaja faraja kubwa, akacheka naye.

— Na angalia hapa chini, alisema Nasimah. Kuna maandishi madogo. Inasema nini?

Thaddée akainama. Siku mbili nzima walikuwa wanaishia kwenye mstari wa juu, kwenye tusi, hakuna aliyeshuka.

— Inasema... "Kama tarehe hii si sahihi, rekebisha."

— Basi. Rekebisha. Boda, funga begi yako.

Ashiraf akalifunga begi. Thaddée akabonyeza, na vikatokea visanduku vitatu vitupu: siku, mwezi, mwaka. Nasimah akaweka vidole juu ya herufi, tayari kumwandikia, kama anavyowafanyia watu wake chini ya mwavuli.

— Haya, mzee. Ulizaliwa lini?

Thaddée akavitazama visanduku.

Akaingiza mkono mfukoni, akatoa kadi yake, na Nasimah akaisoma: tarehe moja, mwezi wa kwanza.

— Hiyo ni ya karani, alisema Thaddée. Aliniuliza, nikasema sijui vizuri. Batu balikuwa mingi nyuma yangu. Akaandika moja, moja.

— Mimi pia moja janvier, alisema Adolphe.

— Na mke wako?

— Moja janvier. Na bakwe zangu wote bawili.

Nasimah akamtazama Mama Kulusum, naye akatikisa kichwa: nyumbani kwao aliambiwa tu kwamba alizaliwa Idi, hakuna aliyesema Idi ya mwaka gani. Ashiraf alikuwa na tarehe kwenye leseni, lakini alikiri aliichagua mwenyewe ili apate leseni mapema.

— Kwa hiyo hapa hakuna mutu anajua, alisema Nasimah.

Mama Kulusum aliinamisha birika, likatoa matone mawili ya mashapo, akaliweka chini.

— Weka hiyo ya karani, alisema Thaddée hatimaye. Maman Ancilla anangoja.

Nasimah akaandika moja, akaandika moja, akaandika mwaka. Mashine ikafikiri kidogo, kisha ikafunguka bila neno, na barua ikawa pale pale alipoiacha. Thaddée aliipokea mapajani, akasoma mstari wa kwanza kwa sauti, ahakikishe ni yenyewe:

— "Mtoto wangu wa kwanza, Shimwa, alizaliwa tarehe kumi na nne mwezi wa nne, Jumatatu, kabla ya jogoo, mvua ikinyesha, na taa ilishikwa na dada yangu."

Pikipiki ya Ashiraf ikawaka, ikaondoka bila laptopu. Thaddée hakuigeukia. Alikuwa anaufikiria mstari ule wa juu, ule uliomchoma siku mbili, na hakuuona tena kwa macho yale ya asubuhi.

— Minisita, alisema. Masini haikunitukana.

— Sasa ilifanya nini?

— Ilinituma kwa mama, mutu mwenye anajua siku nilizaliwa. Ni vile tu nimechelewa kumuuliza.