Damu Safi: Tunamuaga Ndugu Liberatus wa Maabara

Baada ya miaka ishirini na sita ya kuchungulia damu za watu, Ndugu Liberatus Kikoti wa maabara ya kituo chetu cha afya anastaafu tarehe 30 Juni, 1979. Darubini anatuachia. Majivuno tumemwomba aende nayo kwao Idodi.

Aliletwa huku Usangu akiwa kijana mwembamba. Wembamba ulimtoka upesi. Siku za kliniki ya wajawazito alisimama dirishani na kutangaza majibu kwa sauti ya mnadani: "Damu safi!" Kipimo chake kilionyesha mambo mawili tu, upungufu wa damu na kaswende. Lakini waume walielewa kwamba wamehakikishiwa mtoto asiye na dosari, wakamletea jogoo wa shukrani. Ndugu Liberatus hakuwa mtu wa kumcheleweshea jogoo safari kwa maelezo.

Mwaka 1972 Nyamizi, mke wa mfugaji Mihayo aliyehamia hapa kutoka Usukumani, naye alitangaziwa damu safi. Alijifungua mikononi mwangu, mimi Matilda mkunga, mtoto wa kiume mwenye macho ya kupanda na shingo legelege. Wakamwita Seni. Siku hizi madaktari wanatufundisha kwamba watoto wa namna hii huwa hivyo tangu mimba inapotungwa, wala si kosa la mama. Wakati ule ukoo wa Mihayo ulikuja kuuliza: kama damu ilikuwa safi, huyu ametoka wapi? Mtaalamu wetu, kwa kuogopa kuonekana hajui, alijibu kwamba yeye aliiacha ikiwa safi. Ya baadaye aulizwe mama mwenyewe. Nyamizi akafukuzwa na mtoto wake, akalala kwa jirani akingoja kurudishwa kwao. Iliniuma, na bado inaniuma.

Kliniki iliyofuata Nyamizi aliingia maabara, akamlaza Seni mezani mbele ya akina mama wote.

"Daktari, pima na ya huyu. Ukiona pale mimi nimeharibu, unionyeshe na mimi nione."

Akapima. Damu ilikuwa tele, haina kaswende. Ndugu Liberatus alikohoa, akafuta darubini, akaifuta tena.

"Sijui, mama," alisema. "Kipimo changu hakioni hayo."

Tulimpeleka Ndugu Liberatus kwa Mihayo akayarudie maneno hayo mbele ya wazee wa ukoo, nami nikamshika mkono njia nzima asije akakumbuka shughuli nyingine. Akayarudia. Nyamizi akarudi nyumbani kwake siku hiyo hiyo.

Mkoa umempa cheti cha utumishi bora. Siku ile haimo.

Asante, Ndugu Liberatus, kwa mkono mwepesi wa sindano na kwa vicheko vya saa nne za chai. Nenda ukapumzike salama. Nyamizi tulimwalika. Ameagiza kwamba anakutakia maisha mema, ila hatakuja: mpunga umeiva, Seni anafukuza ndege shambani, na hapendi mama yake aondoke.