Mafuta ya Kiangazi kwa Injini ya Barafu

Sogeeni, Jerker na Solveig, mkae upande mmoja wa kitanda, kwa sababu shingo yangu haigeuki tena na sina pumzi ya kusema jambo lile lile mara mbili, mara kwa mwana huku na mara kwa binti kule. Jerker, msogezee dada yako kiti. Tuva, mjukuu wangu, simama pale mlangoni ili mama yako na mjomba wako wasitoke kabla sijamaliza. Fungueni dirisha. Hapana, si lote, nusu. Muuguzi akija mwambieni asubiri; hiki kidude cha dawa walichonifunga mkononi kinanilaza kila kinapolia, na leo sitaki kulala, nina jambo la kumaliza kabla ya Jumamosi.

Mimi, Holger Wikner, naacha vitu vichache, na nitavitaja haraka kwa kuwa si hivyo vinavyoninyima usingizi. Nyumba hii ni ya Jerker, ambaye ndiye amekuwa akiondoa theluji paani tangu magoti yangu yalipokataa ngazi. Msitu wa kando ya mto ni wa Solveig, na asiukate wote kwa mkupuo eti bei ya mbao imepanda. Kitanda cha mfumi cha mama yenu, marehemu, apewe Tuva, ingawa najua hatafuma hata kitambaa cha kufutia vyombo. Evert Sundin wa ng'ambo ya ziwa, ambaye tumenuniana tangu aliposema hadharani kwamba gari letu hushinda siku ambazo upepo unalisukuma kwa nyuma, aalikwe mazikoni, aketi meza ya mbele, apewe kahawa yenye vipande vya jibini ndani kama anavyoipenda, na asiulizwe lolote kuhusu magari mpaka ashibe.

Imebaki gereji, na ndani ya gereji imebaki Volvo nyekundu, na hapo ndipo ninapokosa utulivu. Niinueni kidogo. Mto, Solveig, uweke chini ya mgongo, si chini ya kichwa. Basi. Tuva, waonyeshe ile plagi ya kuwashia injini.

Itazameni. Jana mchana mlipitisha gari chini ya dirisha hili, wewe Jerker na Tuva, mkapanda nalo mlima wa msituni na kurudi, nami nikalisikia likipanda na sikupenda nilichosikia, lakini masikio ya mgonjwa hayaaminiki, kwa hiyo nikamwambia Tuva afungue plagi moja aniletee. Akaja nayo mkononi, bado ya moto, ameifunga kwa glovu.

"Babu, mbona nyeupe hivi?" akaniuliza. "Si huwa na rangi ya kahawia?"

"Ulijaza mafuta lini?"

"Juzi, pale kituoni. Yale yale tuliyotumia ziwani, kwenye mashindano ya barafu."

"Mama yako anajua?"

"Mama hataki kusikia habari za gereji. Nikitaja gereji anaosha vyombo vilivyo safi."

"Na mjomba wako?"

"Mjomba anasema gari limelegea tangu barafu iondoke. Ameongeza presha ya turbo kidogo."

Nikakuita, Jerker, na unakumbuka ulivyonijibu ukiwa umesimama papo hapo, hukutaka hata kukaa: "Baba, usihangaike, nimeizungusha skrubu nusu mzunguko tu." Nusu mzunguko tu! Ungekuwa umeniambia umeizungusha mara mbili ningekasirika kidogo zaidi, lakini ningeogopa vile vile.

Ile plagi ni nyeupe kama chaki, na mkiisogeza kwenye mwanga mtaona chembe zinazong'aa kama mchanga wa mtoni. Ule si mchanga. Ni pistoni. Ni pistoni ya gari ambalo Jumamosi Tuva atakalia kiti chake, afunge mikanda, akanyage mpaka mwisho katika mashindano ya uwanja wa ndege wa zamani, na mjomba wake atasimama pembeni akidhani mama mtu amekwisha angalia, na mama mtu atakaa nyumbani akidhani mjomba anajua anachofanya.

Usiniambie niache kuongea, Solveig. Nitaacha, wala haitachukua muda.

Nisikilizeni kwanza kuhusu mafuta, mnayoyajua nyote wawili na mmeyasahau nyote wawili. Turbo haina nguvu yake yenyewe. Inasukuma hewa, basi. Nguvu inatoka kwenye mafuta yanayoikuta ile hewa, na kazi ya fundi ni kuhakikisha vimekutana kwa kipimo. Tuliacha petroli tukahamia etanoli kwa sababu inaipoza injini na kuvumilia mgandamizo ambao ungeilipua petroli kabla ya wakati wake, kwa hiyo tuliweza kuiambia turbo isukume hewa zaidi. Lakini etanoli ina ulafi wake, inataka imiminwe kwa wingi, na ukiinyima kidogo tu moto unaanza kula chuma. Sasa, wakati wa baridi pampu ya kituoni inauza etanoli iliyoongezwa petroli, maana bila hivyo hakuna gari la huku kwetu kaskazini ambalo lingewaka asubuhi. Barafu ikiondoka petroli inapunguzwa, etanoli inazidi, na injini inataka kumiminiwa zaidi. Pampu ni ile ile, kibao ni kile kile, harufu karibu ni ile ile, na hakuna mtu anayekuja kukugonga bega akuambie. Watu wa kusini hawaingii mtego huu mara nyingi, kwa sababu wao hutengeneza magari yao kiangazi na kukimbia kiangazi. Sisi hutengeneza wakati wa barafu, ndipo tunapokuwa na nafasi, halafu tunabeba kipimo cha majira ya baridi tukakiweka kwenye mafuta ya Juni. Gari lilegee. Halafu mwanamume mzima aliyeziba masikio aongeze presha kulichangamsha.

Maji. Kidogo tu. Midomo inakauka.

Nilikuwepo siku Roland Edin alipofanya hivyo hivyo, katika uwanja ule ule. Pistoni ilitoboka katikati ya mbio, oili ikarushwa nje ikaangukia turbo iliyokuwa nyekundu kwa joto, na sisi tuliokuwa kwenye nyasi tuliona kwanza moshi, kisha moto, kisha gari likiendelea kwenda likiwa linawaka, kwa sababu breki zenyewe zilikuwa zimelowa oili. Alitoka. Lakini mnaijua mikono yake. Hadi leo kikombe anakishika kwa viganja viwili kama mtoto. Naiona mikono ile kila nikifumba macho, na tangu jana si ya Roland tena. Kwa hiyo msiniambie nipumzike.

Ningeweza kumkataza Tuva. Nimelifikiria hilo usiku kucha. Lakini ana miaka ishirini na mbili na ukaidi wa bibi yake, ataniitikia hapa ili nife kwa raha kisha ataendesha, na hata akitii Jumamosi hii, kuna Jumamosi nyingine, na barafu nyingine, na pampu itabadilika tena mimi nikiwa chini ya ardhi. Si yeye wa kurekebishwa. Ni ninyi.

Ugomvi wenu mliuanza wapi? Machi, kwenye barafu, pale kwenye meza ya kahawa, Tuva akiwa ametoka kuwaacha wote nyuma. Evert akauliza, kwa sauti yake ile ya kuchokoza, "Haya, nani kaitengeneza hiyo safari hii?" Na Jerker ukasema, "Mimi." Ungesema "sisi" ungepungukiwa na nini? Na wewe Solveig, badala ya kunywa kahawa yako, ukasema mbele ya watu, "Wewe umefunga boliti. Mimi ndiye niliyeiambia injini la kufanya." Jerker ukajibu, "Kompyuta yako haijawahi hata kuchafuka." Solveig ukarudisha, "Na masikio yako yameuawa na msumeno wa miti, unasikiliza nini humo ndani?" Watu wakacheka. Evert akacheka mpaka kahawa ikampalia. Jumatatu yake Jerker akabadilisha kufuli la gereji, na Solveig akaondoka na kompyuta na waya wake, na tangu siku hiyo kuna skrubu upande mmoja wa kijiji na vipimo vya mafuta upande wa pili, na injini iko katikati ikiungua.

Kila mmoja wenu alisema kweli siku ile, ndiyo maana hamjasameheana. Solveig, ni wewe unayejua injini ipewe mafuta kiasi gani katika kila mzunguko. Mimi sijawahi kuzielewa zile namba zako na sikuona aibu kukuuliza. Jerker, mtu akifunga vibaya boliti za hedi, kile kifuniko cha silinda, hakuna namba itakayomwokoa, na zako hazijawahi kuvuja. Lakini ukiongeza hewa bila kumwambia anayepima mafuta, hujaongeza nguvu, umeongeza moto tu. Na wewe ukikaa na vipimo vyako jikoni huku mwanao akiendesha, usiseme kaka yako ndiye aliyekosa.

Dirisha, lifungeni. Hapana, acheni. Nataka kusikia sauti za uani.

Basi haya ndiyo maneno yangu juu ya gereji, na Tuva ndiye shahidi. Gereji ni yenu wote wawili, pamoja na mashine ya rola ya kupimia nguvu, pamoja na Volvo, na haigawanywi. Kufuli liwe moja na funguo mbili. Skrubu ya presha isiguswe na mmoja bila mwingine kuwa amesimama hapo. Barafu ikiondoka mkutane, na barafu ikija mkutane, mpime mafuta ya kituoni kabla hamjamimina hata lita moja, mtikise na maji kwenye kile kibomba cha kioo mpaka mwone etanoli ni kiasi gani, halafu Solveig arekebishe na Jerker asikilize, naye avae vile vidude vya kumsaidia kusikia asijifanye hana haja navyo. Yeyote atakayetaka kugawa, au kubadilisha kufuli, au kuondoka na waya, basi siku hiyo hiyo gereji na kila kilichomo auziwe Evert Sundin, tena kwa bei atakayoitaja mwenyewe. Mnacheka? Wakili kaiandika hivyo hivyo. Alitaka kuilainisha nikamkatalia.

Kwa Jumamosi hii. Jerker, irudishe ile nusu mzunguko. Pimeni mgandamizo wa kila silinda, kwa maana chembe zile zimetoka mahali fulani. Silinda moja ikiwa dhaifu kuliko nyingine, hakuna mashindano, Tuva atasimama kwenye nyasi na soseji mkononi kama watu wengine, na Evert aseme atakalo. Zikiwa sawa zote, pimeni mafuta, ongezeni inavyotakiwa, lipandisheni gari kwenye rola, na msimruhusu Tuva aondoke mpaka plagi zitoke na rangi ya kahawia. Tuva, usiondoke nalo kwa neno la mmoja. Waulize wote wawili, wakiwa wamesimama pamoja, na kila mmoja akujibu kwa mdomo wake.

Mkono huu umekuwa mzito. Nani ameushika? Ni wewe, Jerker. Mikono yako ina grisi. Vizuri.

Msiniwekee maneno mengi kaburini. Mchungaji asome anachosoma kwa wote, basi. Nizikeni kando ya mama yenu, upande wa ukuta, na mkimaliza mrudi nyumbani mle chakula pamoja.

Mungu awape... ngojeni. Mungu awalinde mkiwa barabarani na mkiwa ndani ya nyumba. Awape usiku wa kulala, nilioukosa mimi. Tuva ampe macho ya mbele. Ninyi wawili awape kila mmoja subira ya kumngoja mwingine amalize sentensi yake. Nimewabariki. Nimewabariki wote.

Lakini hamjaniitikia. Sitaki ahadi ndefu. Huku kwetu mtu akivuta tu pumzi ndani kwa midomo amekwisha kubali, na hilo linanitosha. Solveig. Ndiyo, nimeisikia. Jerker. Usitazame sakafu, mwanangu. Jerker... Ndiyo. Hiyo nimeisikia pia.

Sasa nendeni gereji. Si kesho. Sasa hivi. Solveig, kompyuta iko ndani ya gari lako, niliiona jana kwenye kiti cha nyuma ulipokuja, wala usinidanganye. Tuva, kaa nami. Keti. Waache washuke wenyewe.

Acheni mlango wazi... Nasikia ngazi. Mmoja amesimama. Ni nani aliyesimama, Tuva? Usiende kumtazama. Mwache... Endelea, mwanangu. Shuka. Shuka tu...

Haya. Sasa ni wote wawili.